Nilimwambia Sista Adanganye

Sista yangu yuko kidato cha tatu katika shule moja ya bweni ya wasichana. Sitaitaja shule wala kaunti. Jumatano moja muhula uliopita, kama saa kumi na mbili unusu jioni, simu yangu ililia kwa namba nisiyoijua. Nikadhani ni wale watu wa mikopo ya simu, nikakaribia kuikata. Kumbe ni yeye. Alikuwa amemwomba matroni dakika mbili, na moja ilikuwa imeshaisha akijaribu kukumbuka namba yangu.

"Bro, usimshow mathe nimekupigia."

Nikamuuliza kuna nini. Akasema shuleni walikuwa na siku ya afya ya akili. Alikuja mgeni na spika kubwa, akawaambia wavunje ukimya, wakapiga makofi, wakaimba. Halafu kila mmoja akapewa karatasi. Juu kabisa: jina, darasa, namba ya usajili. Chini yake, maswali. Je, unalala vizuri? Je, kuna jambo nyumbani linalokusumbua? Je, umewahi kuhisi kwamba maisha hayana maana? Karatasi zitakusanywa na mwalimu wa darasa asubuhi.

"Sasa niandike ukweli?"

Mimi huandika kuhusu mambo haya. Nimewahi kulipwa, pesa kidogo lakini nimelipwa, kutunga maneno ya mabango yanayowahimiza vijana waseme yaliyo moyoni. Moja liko hadi leo kwenye mlango wa zahanati fulani huku Eastlands, limepauka, lakini maneno yanasomeka. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyepaswa kumwambia huyu msichana "andika ukweli, usiogope", ni mimi.

Nikamwambia: "Andika uko sawa. Kila swali, andika uko sawa. Tutaongea nikija."

"Sawa," akasema. Simu ikakatika.

Usiku huo sikuandika kitu. Nilikuwa na kazi ya mteja, maneno 800 kuhusu magodoro, nikaiacha. Nilikaa kwenye bedsita yangu nikijiuliza kama nimefanya ujinga. Sijaona hivyo bado. Ningeulizwa tena kesho ningempa jibu lilelile, na ndiyo maana nimekasirika. Nataka kueleza kwa nini mtu anayempenda mtoto, katika nchi hii, mwaka huu, anaweza kuona kwamba uongo ndio ushauri salama zaidi alionao.

Nianze na yangu.

Muhula wa pili wa kidato cha tatu niliacha kulala. Sikuwa na jambo kubwa la kusimulia. Hakuna aliyekuwa amekufa. Mzee alikuwa amefutwa kazi kule Industrial Area, karo ilikuwa imelipwa nusu, na kila Ijumaa majina ya wenye madeni yalikuwa yanasomwa paredi. Taa zilikuwa zinazimwa saa nne na nusu usiku. Mimi nilikuwa nikifumbua macho saa saba, nakaa hivyo nikisikiliza wenzangu wakikoroma hadi kengele ya saa kumi na nusu. Darasani herufi zilikuwa zinaelea ubaoni. Githeri ilikuwa na ladha ya karatasi. Kufikia wiki ya tano nikaanza kuwaza kwamba ingekuwa nafuu kwa kila mtu, hasa mzee na deni lake, kama nisingekuwepo. Sikuwa na mpango wowote. Lilikuwa wazo tu, ila lilikuwa linarudi kila siku na likaanza kuniogopesha.

Basi nikafanya lile ambalo mabango husema. Kando ya maktaba kulikuwa na chumba kilichoandikwa USHAURI NASAHA. Mara nyingi kilikuwa na kufuli, na ndani mlikuwa na nyavu za voliboli na viti vilivyovunjika. Mwalimu mhusika alikuwa anafundisha CRE, na pia ndiye aliyesimamia mabweni. Nilimngoja nje ya majilisi. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Hata aliniletea chai ya walimu, ile yenye maziwa. Nilipomaliza akanishika bega akasema, "Umefanya vyema kuniambia, kijana." Usiku huo nililala mpaka kengele. Mara ya kwanza kwa wiki tano.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu dipti akaniita ofisini. Faili langu lilikuwa mezani. Mzee wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, kofia mkononi, amevaa lile koti lake la harusi. Alikuwa ametoka Nairobi alfajiri kwa nauli ya kukopa. Barua ilisema nina "mawazo mabaya yanayoweza kuwaathiri wanafunzi wengine", na kwamba niende nyumbani wiki mbili, nirudi na barua ya daktari. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwalimu wa ushauri alikuwa palepale, maana alikuwa pia mwanachama wa kamati ya nidhamu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kwenye matatu mzee hakusema neno mpaka tulipopita Thika. Halafu akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Ni nini tumekunyima?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina, kwa sababu hakuna walichoninyima.

Mama alinipeleka kwa maombi, na sikatai, zile jioni zilinisaidia kiasi; angalau watu walinishika mkono. Daktari wa kliniki ya mtaani alinipima malaria, akachukua shilingi 500, akaandika kwamba niko sawa kurudi shuleni. Niliporudi nilikuta nimepewa jina jipya bwenini: Mathari. Kuna mtu alikuwa amesikia kwa mtu aliyesikia majilisini. Nilimaliza shule nikiitwa hivyo. Kutoka siku hiyo hadi nilipoacha kampasi mwaka wa pili, miaka minne baadaye, sikumwambia mtu yeyote kitu chochote. Kampasi kulikuwa na washauri, na nadhani walikuwa wazuri. Nilikuwa napita mlango wao kila siku nikienda mesi.

Sisemi niliacha chuo kwa sababu ya mwalimu mmoja wa CRE. Kulikuwa na ada, kulikuwa na uvivu wangu, kulikuwa na kozi ambayo sikuichagua kwa moyo. Nasema tu kwamba hali iliponirudia, nilikuwa najua vizuri sana kinachompata anayesema.

Sasa tuongee kuhusu hili neno ukimya. Kila Oktoba tarehe 10, siku ya afya ya akili duniani, mitandao inajaa riboni za kijani. Kijana, usinyamaze. Kijana, kuomba msaada ni ujasiri. Wanaosema ni watu wazima, na wote wanamtuma kijana. Sijaona bango hata moja linalomwambia dipti anyamaze. Sijaona linalosema, "Mwalimu, alichokuambia mtoto kisifike mezani mnapokunywa chai." Na mimi niliyeyatunga hayo mabango sikuwahi kufikiria kuandika hilo. Mteja hakuwa analipia hilo.

Tunauita ukimya wa vijana ugonjwa, unyanyapaa, ushamba. Mimi nauita hesabu. Mtoto wa miaka 15 ameishi miaka 15 akitazama kinachowapata wanaosema. Amemwona binamu aliyesema kuhusu mjomba, familia ikaitisha kikao, na aliyekaripiwa akawa binamu. Amemwona mvulana aliyelia darasani, kufikia jioni video iko kwenye WhatsApp. Amemsikia mama yake akimwambia shangazi kwenye simu, mtoto yuko hapohapo kwenye kochi, "Huyu wangu siku hizi ana mastresi, sijui ni simu." Anajumlisha, anatoa, anapata jibu, na jibu ni "niko sawa". Ukitaka jibu libadilike, badilisha namba unazompa ajumlishe. Kumpigia kelele kwa spika hakubadilishi kitu.

Na si kwamba tatizo ni la wachache. Mwaka 2022 kituo cha utafiti cha APHRC, hapa hapa Nairobi, kilitoa matokeo ya uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17. Asilimia 44.3 walikuwa wamepitia tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Asilimia 12.2 walifikia kiwango ambacho madaktari wanakiita ugonjwa. Chukua darasa la kawaida la watu 50: ni kama wanafunzi 22, na kati ya hao 50, kama 6 wanahitaji daktari kabisa. Weka hiyo akilini, nitairudia.

Serikali inajua. Inajua kutoka zamani, na hilo ndilo linalochosha. Tume ya Gachathi ilipendekeza ushauri nasaha shuleni mwaka 1976, wakati babangu alikuwa bado anavaa kaptura. Machi 2001 bweni likateketezwa Kyanguli, Machakos, wavulana 67 wakafa. Mwaka huohuo jopo la Naomi Wangai kuhusu nidhamu na migomo ya wanafunzi likarudia: imarisheni ushauri nasaha. Mwaka huohuo kiboko kikapigwa marufuku shuleni. Mwaka 2013 Sheria ya Elimu ya Msingi ikakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumdhulumu kiakili. Mwaka 2016 zikachomeka shule zaidi ya 100, tukaambiwa tena: ushauri nasaha. Mwaka 2020 jopo la kitaifa la afya ya akili likapendekeza jambo hili litangazwe kuwa janga la kitaifa.

Na kila mara pendekezo hilo likifika shuleni linageuka kuwa kitu kilekile. Mwalimu mkuu anaangalia ratiba, anatafuta mwalimu mpole, kwa kawaida wa CRE au wa Kiswahili, anamwambia, "Wewe sasa ni gaidansi." Hapunguziwi vipindi. Haongezwi mshahara. Anapewa ule ufunguo wa chumba cha nyavu. Tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014, inayotaka anayejiita mshauri awe na mafunzo na asajiliwe. Huwezi kumwamsha mwalimu wa jiografia ukamwambia leo wewe ni daktari wa meno wa shule. Lakini kwa akili ya mtoto, hakuna shida, jaribu tu.

Ukosefu wa mafunzo si ubaya mkubwa zaidi. Ubaya mkubwa ni kiti. Yule mshauri wangu alikuwa na viti viwili: kimoja cha kunisikiliza, kingine cha kunihukumu. Siku ya Alhamisi alikalia cha kwanza, Jumatatu akakalia cha pili, na alichokuwa nacho mkononi ni maneno yangu. Hata angekuwa malaika angefanya nini? Dipti angemuuliza mbele ya kamati, "Mwalimu, unajua nini kuhusu huyu?" Simchukii. Nilikutana naye mwaka jana kwenye stejini ya Muthurwa, amezeeka, akanisalimia kwa jina langu la kweli, akaniuliza kama naendelea vyema. Nikamwambia niko sawa, mwalimu. Unaona?

Wengine watasema nimelibeba jambo la shule moja nikalifanya la nchi. Basi tuangalie nchi. Hadi Januari 2025, kifungu cha 226 cha sheria yetu ya adhabu kilisema kwamba kujaribu kujitoa uhai ni kosa. Yaani mtu amefika mwisho kabisa, ameponea chupuchupu, anaamka hospitalini, na sheria inamwona mshukiwa. Ilibidi tume ya haki za binadamu, KNCHR, na chama cha madaktari wa akili waende Mahakama Kuu, na Jaji Lawrence Mugambi akakiondoa kwa kuwa kinakiuka katiba. Tulikuwa tumetembea nacho tangu enzi za mkoloni. Dipti wangu hakuvumbua chochote. Alifanya kwa mtoto wa miaka 17 kile ambacho dola ilikuwa inafanya kwa watu wazima: umekiri unaumia, sasa adhabu ni hii.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu, na niliisikia kwa rafiki yangu ambaye ni mwalimu. Aliniambia, "Sasa mtoto akikuambia anataka kujidhuru, unyamaze? Akifa, nani atasimama kortini?" Ni kweli. Siri ina mpaka. Mtoto akiwa hatarini, au akiwa anadhulumiwa, lazima mtu mwingine ajue. Lakini mshauri aliyefunzwa huuweka mpaka huo mezani kabla mtoto hajafungua mdomo: haya nitakaa nayo, haya siwezi kukaa nayo peke yangu, na nikilazimika kumwambia mtu nitakuambia wewe kwanza, na tutaamua pamoja tunaanza na nani. Inachukua dakika moja. Mimi nisingekataa mzee aambiwe. Ningependa niwepo. Ningependa aambiwe na mtu aliyemkaribisha chai, na si barua yenye muhuri. Na kumjulisha mzazi ni jambo moja. Kumfukuza mtoto wiki mbili na godoro lake ni jambo lingine. Ile wiki mbili ilikuwa ya kumlinda nani? Rafiki yangu alinyamaza hapo, halafu akasema, "Hata mimi hakuna anayeniuliza nalala vipi." Hilo nalo ni kweli, na linahitaji makala yake.

Hoja nyingine siiheshimu sana, lakini mnaijua. Kizazi hiki ni laini. Sisi tulitembea kilomita kumi bila viatu na hatukuwa na depresheni. Jikaze kisabuni. Wazee wangu, kwa heshima zote: kila ukoo nchini una yule mjomba ambaye "pombe ilimharibu", na yule shangazi ambaye "alikuwa tu mtu wa kukaa kimya", na yule aliyetoka siku moja hakurudi, na jina lake halitajwi kwenye matanga. Hamkukosa depresheni. Mlikosa jina la kuiita.

Halafu kuna hoja ya pesa. Hatuna pesa za kuweka mwanasaikolojia kila shule. Labda. Lakini kuna watu walioonyesha njia ya bei rahisi, na ni Wakenya. Shirika la Shamiri liliwachukua vijana waliotoka tu sekondari, wakafunzwa kwa muda mfupi, wakatumwa shuleni kuongoza vikundi vidogo. Vikao vinne, saa moja kila wiki, kuhusu mambo ya kawaida: kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, kujua unathamini nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry. Wanafunzi walikuwa 413, wa miaka 13 hadi 18, ambao tayari walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma kwa muda huohuo. Wataalamu watasema kilichosaidia ni yale mazoezi, na sibishani nao. Ila mimi nikisoma utafiti huo naona kitu kingine pia. Aliyekaa mbele ya wale wanafunzi alikuwa na umri wa kaka yao. Hakuwa mwalimu wao. Hakuwa anaandika ripoti ya tabia, na kikao kikiisha anaenda zake.

Tuna hata namba. 116, laini ya watoto, ya bure, saa 24. Imechorwa kwenye ukuta wa shule ya sista yangu, karibu na mfereji, rangi ya buluu, na mchoro wa mtoto anayetabasamu ameshika simu. Simu ni marufuku pale. Ukipatikana nayo unaenda nyumbani. Simu pekee ni ya matroni, na matroni husimama hapo akikusikiliza kwa sababu ni dakika zake unamaliza. Si vibaya kwake. Lakini niambie ni msichana gani atapiga 116 na matroni amesimama hatua mbili kutoka kwake. Simu moja ya mezani ndani ya chumba chenye mlango, inayopiga namba hiyo moja tu, inagharimu pungufu ya ile spika waliyokodi.

Na kabla hata ya simu, kuna kengele. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa mtu wa miaka 13 hadi 18. Fanya hesabu ya shule niliyosoma mimi: saa nne na nusu usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri. Saa 6, hiyo ni kama usingizi umekuja mara moja na hakuna mende. Miezi mitatu mfululizo, miaka minne. Sista yangu analala vivyo hivyo. Mtu mzima yeyote ukimnyima usingizi hivyo atalia kwa sababu ya kijiko. Tunawaamsha watoto usiku wa manane kwa jina la alama za KCSE, tunawalisha maharagwe yaleyale, tunawanyima sauti ya mama zao kwa wiki sita, halafu mara moja kwa mwaka tunawaletea mgeni awafundishe kupumua kwa undani. Hakuna semina itakayoishinda kengele ya saa kumi na nusu. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu shuleni, ningeanza na hiyo kengele, kabla ya washauri, kabla ya chochote. Haihitaji hata bajeti.

Lakini sina uwezo huo. Nina karatasi moja ya maswali na ushauri nilioutoa kwa simu.

Sista aliniambia baadaye ilivyokuwa. Darasa lao lina wasichana 48. Karatasi zilikusanywa Alhamisi asubuhi. Jumatatu, paredi, dipti wao akasema anashukuru Mungu, shule ina afya njema, isipokuwa wasichana wachache ambao angependa kuwaona. Hakusoma majina. Alituma kiranja akawagusa bega mmoja mmoja kwenye mistari, shule nzima ikitazama. Kutoka darasa la sista waliguswa watatu. Wengine 45 walikuwa wameandika wako sawa.

Kumbuka zile hesabu. Katika darasa la 48, utafiti unatuambia tutegemee kama 21. Walipatikana watatu. Mahali fulani kuna ripoti inayosema siku hiyo ilifaulu.

Mmoja wa wale watatu alitumwa nyumbani aje na mzazi. Hadi tulipoongea, alikuwa hajarudi. Sista alikuwa anamjua, wanalala vitanda jirani. Akaniambia, "Alikuwa ameniuliza aandike nini. Nikamshow aandike tu ukweli, juu yeye huwa hana makosa." Yeye alikuwa na mtu wa kumuuliza. Huyo mwenzake alikuwa na yeye. Aliniangalia aliposema hivyo, na sikujua niangalie wapi. Mimi nilimwokoa mmoja kwa uongo, na nilikuwa nimemaliza mkate, nikafunga simu. Haikunijia kumwambia, "Waambie na wenzako."

Kwa hiyo kwa mwalimu yeyote anayesoma hapa, na najua mpo: ondoa jina kwenye hiyo karatasi. Anza hapo. Ondoa jina na namba ya usajili, weka sanduku mahali ambapo hakuna anayesimama. Kisha mtoe mshauri wako kwenye kamati ya nidhamu, leo, kwa barua, na paredi wote wasikie kwamba ametoka. Usimtume mtoto nyumbani kwa sababu ya neno alilosema akiwa analia. Na mpaka ufanye hayo, tafadhali usilete spika.

Nilienda siku ya wazazi kuwatembelea watoto, Jumapili ya pili ya mwezi. Mathe alikuwa kazini, kwa hivyo nilienda peke yangu na kuku, chapati sita na soda ya machungwa. Tulikaa kwenye nyasi nyuma ya chapeli. Kabla hajaanza nilimwambia ni mambo gani ningelazimika kumweleza mathe, na ni yapi yangebaki kwangu, na kwamba sitapiga simu kwa mtu yeyote kabla hajajua. Akafikiria, akang'oa nyasi kidogo, akasema sawa. Aliongea karibu saa mbili, mpaka kengele ya wageni kuondoka. Nimemwonyesha makala haya na amenikubalia mpaka hapa. Alichoniambia siku hiyo hakimo humu.